Kamera Iliyoonyesha Miguu

Mwaka 1998 mtaani kwetu Morogoro nyumba yenye deki ilikuwa moja, na mkanda wa ndombolo ulikuwa mmoja vilevile. Tulikuwa tunakaa sakafuni watoto kumi na kitu, kila mmoja ametoa shilingi 50, macho yote kwenye televisheni ya inchi 14. Tatizo letu lilikuwa mpiga picha. Mwimbaji akishaita jina la staili na wanenguaji wakaanza kushuka, sekunde ileile unayotaka kuona goti linapinda vipi na kisigino kinakaa wapi, kamera inaruka kwenda kwenye uso wa mwimbaji, au kwenye saa yake, au kwenye gari lililoegeshwa nyuma yake. Ikirudi, staili imepita. Tulirudisha mkanda nyuma mpaka mwenye deki akatufokea kwamba tutamharibia hedi. Basi kiuno tulikipata kutoka Kinshasa, miguu tukaitunga wenyewe.

Miguu kamili nilikuja kuiona Seoul mwaka 2016, nilipokwenda kusoma shahada ya pili kwa ufadhili wa serikali ya kule. Nilikuwa natoka maktaba, saa nne za usiku zimepita. Jengo moja la chuo lilikuwa na ukuta wa kioo upande wa mbele. Mchana unaona watu ndani, usiku taa za ndani zikizimwa unajiona mwenyewe. (Kiswahili kina neno moja tu kwa vioo hivi viwili, na usiku ule nilielewa kwamba halijakosea.) Mbele ya kioo kile walikuwa wasichana wanane wa klabu ya dansi ya chuo, makoti ya baridi wameyarundika chini, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Mmoja tulikuwa tunasoma naye takwimu. Akaniona, akaniita "onni", yaani dada, akanionyesha kwa kidevu nikae kwenye ngazi nitazame.

Mimi badala ya kuwatazama wao nikatazama simu. Ilikuwa video ya kundi maarufu, lakini si ile ya kwenye televisheni. Chumba kitupu, sakafu ya mbao, kioo ukutani, vijana wamevaa suruali za mazoezi na fulana zilizolowa jasho. Hakuna moshi, hakuna gari, hakuna anayeruka kutoka ghorofani. Na kamera imekaa mahali pamoja kama mgeni aliyepewa kiti. Dakika tatu na nusu haikusogea. Kila mchezaji anaonekana kuanzia utosini hadi unyayoni, wimbo mzima, hata pale anapohama kutoka nyuma kuja mbele bila kumgonga mwenzake.

Nikamkumbuka mwenye deki. Laiti tungepata mkanda mmoja wa namna ile.

Maelezo ya kwa nini dansi za Wakorea zimeenea dunia nzima yako mengi, na nimeyasikia karibu yote: serikali yao imemwaga fedha, vijana wao wanapendeza, mashabiki wao hawalali. Kila moja lina ukweli wake. Lakini mimi ninashikilia nililoliona kwenye ngazi zile. Wengine walitupatia ngoma ya kutazama. Wakorea walituma ngoma pamoja na somo lake. Kampuni zao zikitoa wimbo, siku chache baadaye zinatoa na video ya mazoezi, bure, ya kamera isiyotikisika. Video ya namna hiyo ya wimbo wa kundi la wasichana la Blackpink wa mwaka 2020, "How You Like That", imetazamwa zaidi ya mara bilioni 1. Siamini kwamba waliotazama walikuwa wamekaa.

Mashabiki nao waliligundua hilo, pengine kwa njia yao. Mwaka 2014 kundi la EXID lilikuwa linaelekea kufa. Wimbo wao "Up & Down" ulitoka Agosti, ukapotea. Oktoba shabiki mmoja akaenda kwenye onyesho lao na kamera yake, akaacha kundi zima, akamfuata msichana mmoja tu, Hani, mwanzo hadi mwisho, mwili mzima. Picha zile za mtu baki, ambaye hakutumwa wala kulipwa, zilisambaa hadi wimbo ukafufuka na kupanda namba moja. Siku hizi vituo vya televisheni vya Korea vyenyewe vinatoa video za hivyo, kila mwanakundi na yake.

Halafu kuna ujanja wa kiitikio. Wenyewe wanauita kwa neno la kuazima, "pointi": ile hatua moja ambayo hata mpita njia ataishika. Kundi la Super Junior mwaka 2009 walisugua viganja kama waomba radhi katika "Sorry, Sorry", na Asia nzima ikasugua viganja. Mwimbaji Psy akatoka Julai 2012 na farasi wake wa "Gangnam Style". Nyinyi mliokuwa kwenye harusi za mwaka ule hamhitaji kuelezwa. Nilimwona mjomba wangu, mzee wa kanisa, ameshika hatamu isiyokuwepo mbele ya meza ya keki. Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo video ile ikawa ya kwanza kufikisha watazamaji bilioni 1 YouTube. Hatua zote nyingine za wimbo ule ni ngumu kiasi, ila hakuna aliyezihitaji. Farasi alitosha.

Wakishakukamata kwa pointi, ndipo wanakuonyesha kile wanachokiita "kalgunmu". "Kal" ni kisu. "Gunmu" ni mchezo wa kundi. Watu saba, tisa, kumi na tatu, mikono inapanda kwa pembe ileile na kukatika kwa wakati uleule kama imekatwa na upanga mmoja. Wenzangu wa darasani kutoka Ulaya lilikuwa linawaogopesha kidogo, waliona kama roboti. Mimi nilicheza halaiki. Nikiwa darasa la tano tulichaguliwa kwa ajili ya sherehe za Mwenge, tukapigwa jua wiki tatu uwanja wa Jamhuri, mwalimu na filimbi yake, chokaa chini kuonyesha kila mtu asimame wapi. Kwa hiyo najua kitu ambacho mtazamaji wa jukwaani hakijui: ukiwa ndani ya mstari ule, mkono wako ukienda sawa na mikono ya mia mbili, hujisikii roboti hata kidogo. Unajisikia una mikono mia mbili.

Sasa, ngoma hizi zilitoka wapi? Jibu nililipata nikitafuta unga wa mahindi. Itaewon ni mtaa wa Seoul wenye msikiti mkuu wa mji, nyama ya halali, maduka ya Wanigeria, na kila mwanafunzi wa Kiafrika atafika pale mwezi wa kwanza tu. Kando yake ilikuwepo kambi kubwa ya jeshi la Marekani, Yongsan. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na klabu pale Itaewon ikiitwa Moon Night. Wanajeshi weusi wa Marekani walikwenda kucheza, na vijana wa Kikorea wenye njaa ya dansi walikwenda kuwatazama, miguu kwa macho, bila kamera yoyote. Katika vijana wale walikuwemo Yang Hyun-suk na Lee Juno. Mwaka 1992 wawili hao walipanda jukwaani na mwimbaji Seo Taiji katika kipindi cha televisheni cha kushindanisha vipaji. Majaji wakawapa alama za chini kuliko wote. Baada ya muda mfupi nchi nzima ilikuwa inaimba wimbo wao. Kundi lilipovunjika mwaka 1996 Yang alianzisha kampuni, YG, na ndiyo iliyokuja kuwatoa Blackpink. Mwaka huohuo mwanamuziki wa zamani Lee Soo-man, aliyewahi kusoma California na kuona video za muziki za Kimarekani zinavyofanya kazi, aliwatoa H.O.T. kupitia kampuni yake ya SM, wakapeleka moto hadi Beijing. Magazeti ya China ndiyo yaliyobatiza jambo hili "wimbi la Korea".

Ninaiweka wazi habari hii ya Itaewon kwa sababu nimechoka kusikia kwamba Wakorea "wamebuni" dansi hizi peke yao kama vile zimeota kwenye mashamba ya kabichi. Deni lao kwa Wamarekani weusi ni kubwa, na si wote wanaolitaja. Pia wamealika mikono kutoka kwingi: hatua za kundi la SHINee katika wimbo wao wa kwanza, mwaka 2008, zilipangwa na Mjapani, Rino Nakasone. Walichokifanya wao wenyewe, na hapa nawavulia kofia, ni kuchukua dansi ya mtaani, ambayo kila mtu anaicheza kivyake, na kuifanya kitu kinachoweza kufungwa kwenye bahasha, kutumwa, na kufunguliwa Lima au Manila kikiwa hakijakatika kidole.

Hongdae ndiko nilikoaibika. Ni mtaa wa vijana karibu na chuo kikuu kinachosifika kwa sanaa, na jioni za Jumamosi barabarani kunakuwa na mchezo wao mmoja: spika inawekwa chini, watu wanazunguka duara, nyimbo zinapigwa vipande vipande bila mpangilio, na kila anayejua hatua za kipande kile anakimbilia katikati. Kipande kikiisha, unatoka. Hakuna anayejua kitakachofuata. Watu wasiofahamiana, Mthai, Mfaransa, mtoto wa miaka tisa na mama yake, wanajipanga kwa sekunde mbili, kila mmoja anachukua nafasi ya mwanakundi wake, na wanacheza kama wamefanya mazoezi mwaka mzima. Nilisimama pale jioni tatu nikijipa moyo. Ya nne wakapiga "Gangnam Style" nikaruka ndani. Tulikuwa kama ishirini. Farasi wangu akaenda kushoto, wa wenzangu wote wakaenda kulia, nikakutana uso kwa uso na kijana aliyeshika aiskrimu.

Kosa langu lilikuwa la kioo. Ukijifunza kwa kumtazama mtu aliyekuelekea, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Ukimfuata kama unavyomwona, unajifunza kila kitu kinyume, na ukicheza peke yako sebuleni hutajua kamwe. Ndiyo maana mtandaoni utakuta video zilezile za mazoezi zimegeuzwa kulia-kushoto, baadhi na kampuni zenyewe, nyingi na mashabiki, ili ufuate kama unayejitazama. Yule mwenzangu wa takwimu aliponiambia hivyo alikuwa anacheka hadi machozi. "Onni, wewe unasoma data," alisema, "hukuona kwamba iko kinyume?"

Agosti 2018, nikiwa nafunga mizigo kurudi, kundi la BTS likatoa "IDOL". Nililipishwa faini ya begi kuzidi uzito kwa sababu nilikaa nikiitazama badala ya kupunguza vitabu. Mle ndani kuna ngoma za kienyeji za Kikorea, michezo ya vinyago na simba wa kuigiza, wanaimba hadi vile vikorombwezo ambavyo wazee wao huvipiga ngoma ikikolea. Na katikati yake, bila kuaga, mguu unainuka na kuzunguka pamoja na mkono: gwara gwara ya Afrika Kusini. Nilifurahi kama nimeona ndugu uwanja wa ndege. Furaha ikapungua kidogo nilipojiuliza ni mashabiki wangapi watajua ule mguu ni wa nani.

Na mwaka 2021 kundi hilohilo likatoa "Permission to Dance", ambamo kuna ishara za lugha ya viziwi. Ishara ya kucheza ni hivi: kiganja kimoja unakilaza, hicho ndicho sakafu, vidole viwili vya mkono wa pili vinacheza juu yake. Miguu tena.

Sasa niko Tabata, Dar es Salaam, na dansi za Korea zimenifuata hadi uani. Binti wa kaka yangu ana miaka 15 na kundi la watu watano. Hawajawahi kukanyaga Korea. Ndoto yao ni lile tamasha la mji wa Changwon, kulekule Korea, ambalo tangu mwaka 2011 linakusanya washindi wa dunia, mchujo ukifanywa na balozi za Korea katika nchi mbalimbali. Walisikia kwamba Wakenya huwa wanachujwa Nairobi, wakaona kama Kenya si mbali basi na Changwon si mbali.

Ugomvi wao wa kwanza haukuwa wa nani anajua. Ulikuwa wa nani awe nani. Katika kuigiza huku kila mmoja anabeba nafasi ya mwanakundi mmoja, na nafasi ya katikati inagombewa kama kiti cha mbele kwenye daladala. Ugomvi wa pili ulikuwa wa kuhesabu. Dansi inahesabiwa nane-nane, na Kiswahili hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Jaribu mwenyewe: "moja, mbili, tatu" unayamaliza mdundo ukiwa umefika nne. Wakakata maneno: mo, mbi, ta, nne, ta, si, sa, na. Tatizo ni kwamba "ta" zikawa mbili. Ukisema "tunageuka kwenye ta", wawili wanageuka kwenye tatu, watatu kwenye tano, mtu anakanyagwa. Walifikiria kuhesabu Kiingereza kama wanavyofanya hata Wakorea wenyewe, mmoja akagoma. Mwishowe tano ikaitwa "no". Sasa ukipita nyuma ya nyumba yetu saa kumi jioni utasikia mtoto anapiga kelele "Kwenye no! Nimesema kwenye no!" na utadhani kuna anayekataa kitu.

Majirani wamesema waliyosema. Mmoja alimwuliza kaka kama mtoto anajua maana ya hayo anayoyaimba. Bibi yetu, mzaa mama, ndiye hakushangaa. Amezaliwa Pangani, anakaribia miaka 90, macho yana ukungu, huwekewa kiti chini ya mwembe akaota jua. Siku ya kwanza aliyowaona wamejipanga mstari na fulana za rangi moja alitazama kitambo, halafu akauliza, "Hii ni beni?"

Nikakaa chini. Beni ilikuwa ngoma ya pwani iliyoanza miaka ya 1890 huko Lamu na Mombasa, watu walipoona bendi za jeshi la wazungu na kuamua kuwa na zao: tarumbeta, sare, kwata, vyeo vya mfalme na jenerali na daktari. Askari na makarani wakaieneza bara, hadi Ziwa Tanganyika na zaidi. Miji mingi ya Tanganyika ilikuwa na pande mbili, Marini na Arinoti, na pande hizo zilishindana kwa mavazi na mpangilio hadi watu wakaingia madeni ya nguo. Bibi alikuwa msichana mdogo ilipokuwa inafifia. Anachokumbuka ni viatu. Vilivyopakwa chokaa, anasema, vyeupe, vinakwenda vyote pamoja, na mama yake akimbana mkono asikimbilie mbele. Mama yake alikuwa Marini, na shangazi yake Arinoti, hawakusemezana mwezi mzima.

Wapo waliosema wakati ule kwamba beni ni kuiga wazungu tu. Nimejiuliza kama binti yetu naye anaiga tu. Sina jibu la haraka, ila nimeona kwamba kundi lake likishamaliza Kikorea linaweka singeli, na singeli hiyo inachezwa kwa mistari, kwa kubadilishana nafasi, mikono inakatika pembe moja. Sikuwahi kuiona singeli imenyooka hivyo. Sijui kama ninaipenda. Singeli kwangu mimi ni vurugu, na vurugu ile ndiyo utamu wake.

Kuna swali moja lake lililonikaba. "Shangazi, haya yote nani ametunga?" Alitaka jina. Tulitafuta chini ya video, jina la mtunzi wa maneno lipo, la mtengeneza mdundo lipo, la kampuni lipo mara nne. La aliyetunga hatua halikuwepo. Huo ndio uchungu wa kazi ile hata kwao: mtunzi wa wimbo anaendelea kulipwa kadiri wimbo unavyochezwa, mtunzi wa hatua kwa kawaida hulipwa mara moja, akaenda zake, dunia nzima ikacheza. Hali imeanza kusogea. Mwaka 2021 shindano la televisheni liitwalo "Street Woman Fighter" liliwatoa madansa wa kike nyuma ya migongo ya mastaa na kuwaweka mbele, na timu iliyoshinda, Holy Bang ya Honey J, ikawa maarufu kama kundi la waimbaji. Mwaka 2024 watunzi wa dansi wakaunda chama cha kudai haki zao, kikiongozwa na Lia Kim wa studio ya 1MILLION ya Seoul.

Na bei ya mwili nimemweleza pia, kwa sababu anatamani kuwa mwanagenzi. Kuna wanaoingia kampuni hizo na miaka 12, wakafunzwa miaka mingi bila uhakika wa kutolewa, chakula kinapimwa, simu zinashikiliwa. Mwaka 2009 vijana watatu wa kundi la TVXQ walikwenda mahakamani kupinga mkataba wa miaka 13. Siku hizi mkataba wa kawaida ni miaka 7. Binti alisikiliza kwa adabu. Halafu akaniuliza kama kwa umri wa miaka 15 amechelewa.

Jumapili iliyopita walirekodi. Mimi nilikuwa mshika simu. Uani ni padogo. Watu watano wakisimama kwa upana, miguu inakatika kwenye picha, na nilikataa katakata kuwakata miguu. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, hadi mgongo ukagusa banda la kuku na jogoo akaanza kulalamika. Viatu vyote kumi vikaingia. Nikatulia kama mgeni aliyepewa kiti.

Wakacheza hadi mwisho. Wakaanguka chini wanahema, wakapigiana makofi, wakasema hii ndiyo yenyewe. Bibi akasafisha koo chini ya mwembe.

"Yule wa mwisho kachelewa."

Wakamcheka, na macho yake yale. Tukairudisha video nyuma, taratibu. Kwenye no, mguu wa kushoto wa yule wa mwisho ulikuwa bado hewani, wa wenzake wote uko chini. Binti alimtazama Bibi, akanitazama mimi, akafuta video.

"Mo, mbi, ta…"